Kutisha Mchana Kweupe: Mbinu ya Tshibumba

Majalada ya katuni za kutisha huanzia gizani. Frank Frazetta, aliyeyapamba majalada ya jarida la Creepy huko Marekani miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta, alizamisha pembe za picha katika weusi, kisha akamulika bega au jino. Mjini Lubumbashi, Kongo, alikuwepo mchoraji aliyetisha bila kuzima taa.

Tshibumba Kanda-Matulu, mzaliwa wa 1947, alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga kilichowambwa kwenye mbao, akauza picha zake nyumba kwa nyumba. Zilitundikwa sebuleni, kwa hiyo zilipaswa kusomeka hata kwa mtu anayepita na sahani ya bukari (ugali) mkononi.

Itazame Colonie Belge («Koloni la Ubelgiji»), picha ambayo wachoraji wa mji huu waliirudia tena na tena. Mfungwa amelala kifudifudi, askari Mwafrika ameinua fimbo, Mbelgiji anatazama, bendera iko juu. Jua ni la mchana. Hakuna kivuli cha kujifichia. Ukuta wa gereza umechorwa kwa ukali uleule wa mgongo wa mfungwa, na jicho halipewi pa kupumzika. Ninachokihusudu zaidi ni milia ya nguo, njano na nyeusi, inayoruka kutoka mwili hadi mwili mpaka wafungwa wapoteze nyuso zao. Fimbo bado iko hewani, na anayeliteremsha pigo ni wewe mtazamaji. Frazetta naye aliipenda nukta hiyo kabla ya pigo, ila mhanga wake aliweza kupigana. Hapa utulivu wa Mbelgiji unasema kesho itakuwa vilevile.

Katika picha ya kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, aliyeuawa nje kidogo ya mji huu tarehe 17 Januari 1961 pamoja na wenzake Mpolo na Okito, kuna misalaba mitatu nyuma, na damu ya ubavuni inaandika ardhini neno «Unité» (umoja). Wachapishaji wa katuni walichuruzisha damu kwenye herufi za jina la jarida. Tshibumba anaitoa herufi ndani ya jeraha. Ni ubunifu mkubwa, lakini kwangu unapunguza hofu: ukishasoma neno, huliangalii tena jeraha. Colonie Belge haikupi neno la faraja. Maandishi yake ni jina na miaka, 1885–1959, kama jalada la faili la ofisini.