Sifa ya Panga Linalochagua

Anayepanda mti hupigwa picha. Anayefyeka ili mche uliojiotea upate jua, nani amjue? Ndiyo maana ufundi wa kuusaidia msitu ujizalishe hauhesabiwi, ingawa ushahidi wake uko katika msitu wa Nyungwe, Rwanda. Baada ya mioto ya mwaka 1997, kangaga zilitanda kwenye maeneo yaliyoungua, zikaziba mwanga miaka nenda rudi. Mbegu zilikuwapo na ndege waliendelea kuzileta, lakini miche ilikufa gizani. Palipofyekwa tena na tena, ikanyanyuka. Huko Kibale, Uganda, misonobari iliyopandwa kwenye nyasi iligeuka mlezi bila mtu kukusudia: chini ya kivuli chake miti ya asili ilijiotea yenyewe. Basi mlezi huyo aondolewe vipi? Mmoja mmoja, kwa miaka, akielekezwa aangukie pasipo na miche, maana ukifyeka shamba zima siku moja, magugu ndiyo yatakayopokea jua lote. Kusoma mwanga kiasi hicho, na kutambua mche wa thamani ungali na majani manne, ni elimu ya miaka mingi.

Mkulima wa Gikundamvura, katika wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, atauliza: jiko litangoja? Mkaratusi huvunwa baada ya miaka michache na kuchipua tena kisikini. Ana haki, na mkaratusi una nafasi yake kando ya shamba. Ila kwenye mteremko mkali, kuuvuna wote kwa mkupuo ni kuuachia udongo mvua. Kuvuna kwa kuchagua hutoa kuni kidogo kwa safari, lakini mlima haubaki uchi hata msimu mmoja; nami naona bei hiyo inalipika.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba msitu hauwezi kuzaa bila wazazi. Ni kweli, na pale miti mizazi ilipokwisha, kitalu hakina mbadala. Cyamudongo, kipande cha msitu cha hekta 300 hivi katika Rusizi hiyohiyo, kilichozungukwa na mashamba, hakijafika huko: sokwe wangalimo, wanakula matunda na kusambaza mbegu. Kwa hiyo kabla ya kununua miche, fedha zingeanza na mshahara wa wafyekaji wanaojua kutofautisha mche na gugu.