Kulia na Kushoto: Jina au Maumbile?

Wapo wanafalsafa wa fizikia wanaodai kwamba mwelekeo wa nafasi na wa wakati ni makubaliano ya wanadamu tu. Dai hili linatuhusu sisi walimu wa lugha, kwani linafanana sana na somo letu la unasibu wa ishara. Hapa tunalihakiki kwa ufupi.

Kwanza, dai lina nguvu yake. Nadharia ya uhusianifu ya Einstein ya mwaka 1915 inalipa kila tukio koni mbili za nuru, lakini milinganyo yake haisemi ipi ni ya jana na ipi ni ya kesho. Alama tunaziweka sisi. Ndivyo ilivyo katika saa: Kiswahili na Kiganda husema saa moja asubuhi, Kiingereza huhesabu saba, na jua ni lile lile.

Hata hivyo, dai hili linachanganya jina na kirejelewa. Mkono wa kulia ni wa kulia chakula. Wengine huuita wa kuume. Majina hubadilika, lakini kiatu cha kushoto hakiukubali mguu wa kulia kwa sababu tu tumebadilisha majina. Mtetezi atajibu kwamba kiatu na mguu vinapimana vyenyewe kwa vyenyewe, wala maumbile hayana upande. Jibu hilo lilivunjwa mwaka 1957. Chien-Shiung Wu aliipoza kobalti 60 kwa baridi kali, akaona elektroni zikitoka kwa wingi zaidi upande mmoja wa mhimili wa mzunguko wa viini. Taswira ya tukio hilo katika kioo haitokei katika maumbile. Kuhusu wakati, majaribio ya kaoni huko CERN, yaliyotangazwa mwaka 1998, yalionyesha kuwa kwenda na kurudi si sawa.

Je, makubaliano yamekwisha? La. Kwa nadharia iliyopo, tukigeuza nafasi, wakati na chaji kwa pamoja, kanuni hubaki zile zile. Basi tunachagua pa kuanzia kutaja, yanayofuata hatuyachagui.

Kwa maoni yetu, mwanafunzi anayeandika kwamba kila kitu katika maana ni makubaliano aulizwe: ni jina, au ni tofauti inayotajwa? Ngeli za nomino ni zao la lugha yenyewe. Tofauti ya kulia na kushoto lugha iliikuta. Asiyezitenganisha hizi mbili hajaelewa unasibu, hata akiukariri.