Ufundi wa Kuugawa Mlima

Kupanda milima kwa baiskeli, watu wakiwa kundi, ni ufundi wa kugawa. Gia huugawa mwinuko uwe vipande vidogo vinavyowezwa na miguu. Mwendeshaji huigawa pumzi yake imtoshe hadi juu. Nalo kundi hugawana kazi, maji na vipuri ili asibaki mtu njiani. Misuli ina nafasi yake, lakini mwenye misuli asiyejua kugawa huishiwa nguvu kwenye kona ya tatu, na mwenye mwili wa kawaida anayejua hufika salama. Ndiyo maana ufundi huu unastahili sifa: humpa mtu wa kawaida uwezo wa kufika mahali ambapo nguvu zake peke yake zisingemfikisha.

Watu wengi hufikiri kwamba safari za namna hii ni za nchi za chai. Kwa Tanzania, hizo ni Usambara, Mufindi, Njombe, Rungwe na Bukoba. Chai hupenda mvua nyingi, udongo wenye tindikali na miteremko isiyotuamisha maji, na kwa sababu hiyo mashamba yake huwa mahali penye vilima. Barabara zake nyingi zilichimbwa kwa ajili ya magari ya kusomba majani mabichi, ambayo lazima yafike kiwandani saa chache tu baada ya kuchumwa. Gari lililosheheni haliwezi mwinuko mkali, hivyo barabara hizo huuzunguka mlima kwa upole. Lakini Milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, haina mashamba makubwa ya chai. Ina migomba, mananasi, mdalasini, karafuu na pilipili manga upande wa mashariki, na mboga za baridi upande wa Mgeta. Njia zake nyingi zilianzishwa na miguu ya wakulima, na mguu, tofauti na gari, hukata moja kwa moja kwenda juu. Kwa mwendesha baiskeli, Uluguru ni shule ngumu zaidi, na anayehitimu hapo hatashindwa na vilima vya chai.

Milima ya Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki, mfululizo wa milima mikongwe unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Mji wa Morogoro uko takriban meta 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Lupanga kinachouangalia mji kinapita meta 2,100, na kile cha Kimhandu, kilicho upande wa kusini, kinapita meta 2,600. Pepo za Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki, zikapoa na kumwaga mvua; upande wa magharibi hupata kidogo zaidi. Maji hayo huingia Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam. Misitu ya juu imehifadhiwa kama Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, na anayetaka kuingia humo hupata kwanza kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Waendesha baiskeli wanaotoka mjini wana njia kuu tatu. Ya kwanza hupanda moja kwa moja kuelekea Morningside, penye jengo la zamani la Wajerumani, na kuendelea kwenda Bondwa, mlima wenye minara ya mawasiliano. Ya pili huanzia Bigwa, ikapita Kiroka na Mkuyuni hadi Matombo, katika joto na mvua ya mashariki. Ya tatu hufuata barabara ya Iringa hadi Sangasanga, ikaingia kushoto kupitia Mlali, kisha ikaanza kupanda kwenda Mgeta. Ya kwanza ni fupi na kali. Ya pili hupanda na kushuka mara kwa mara bila kumpa mtu nafasi ya kupata mwendo mmoja. Ya tatu humchukua msafiri polepole kutoka kwenye mahindi ya tambarare hadi kwenye kabichi, karoti na njegere zilizopandwa juu ya matuta.

Msingi wa kwanza wa ufundi ni gia, na hesabu yake ni nyepesi. Baiskeli ya kawaida ya gia moja yenye meno 44 mbele na 20 nyuma husogea karibu meta 4.8 kwa kila mzunguko wa pedali. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, mzunguko huo mmoja humwinua mwendeshaji na chombo chake kwa sentimeta 48. Baiskeli ya milimani yenye meno 22 mbele na 34 nyuma husogea chini ya meta moja na nusu, na humwinua sentimeta 14 tu. Ili kupanda meta 100 za wima, wa kwanza atazungusha pedali mara 200 na ushei, wa pili zaidi ya mara 700. Kazi yote kwa jumla ni ile ile. Gia haipunguzi mlima hata meta moja. Inachofanya ni kuukata vipande ambavyo goti linaweza kuvibeba kimoja kimoja, saa nzima, bila kuumia.

Msingi wa pili ni pumzi. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 90, wakipanda mwinuko wa asilimia 10 kwa mwendo wa kilometa tano kwa saa, mwendeshaji hulazimika kutoa wati 120 hivi dhidi ya uzito pekee, mbali na ukinzani wa vumbi na mawe. Kiasi hicho mtu mwenye afya anakiweza kwa muda mrefu. Akiongeza mwendo mara mbili, mahitaji nayo huongezeka mara mbili, na hapo mapafu huanza kudai deni ambalo halilipiki bila kusimama. Kwa hiyo aliyefundishwa vizuri huanza polepole kuliko anavyotamani. Hupima mwendo wake kwa mazungumzo: akiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, yuko sawa, akibaki na neno moja moja, amezidisha. Hubadili gia kabla mwinuko haujamkaza, kwa sababu cheni iliyovutwa kwa nguvu zote husita kuhama na huweza kukatika.

Mwili nao una namna yake ya kukaa. Kwenye barabara ya udongo, anayesimama juu ya pedali huondoa uzito kwenye gurudumu la nyuma, likaanza kuteleza na kuzunguka bure. Anayekaa nyuma mno huinua gurudumu la mbele na kupoteza usukani. Mahali pazuri ni mbele kidogo ya tandiko, viwiko vimekunjwa, kifua kimeinamishwa, mikono imelegea. Macho hutazama meta kadhaa mbele na kuchagua mstari kati ya jiwe na korongo la maji, kwa maana baiskeli hufuata macho ya mwenyewe. Mahali ambapo mstari haupo, mwenye busara hushuka akasukuma, na kusukuma ni sehemu halali ya safari.

Kundi lina sheria zake, na humo ndimo utu wa ufundi huu unamoonekana. Kwenye tambarare, anayefuata nyuma ya mwenzake hukingwa na upepo na kuokoa nguvu, hivyo wanaokwenda kasi hupokezana nafasi ya mbele. Kwenye mwinuko mkali mwendo ni mdogo mno kwa upepo kuwa na maana, na kila mtu hupanda kwa kasi ya mwili wake. Kulazimisha kasi moja kungewaangamiza walio dhaifu, na kuwachosha wenye nguvu pia, maana kwenda polepole kuliko mwendo wako kwa gia isiyofaa nako ni mzigo. Kundi kwa hiyo hutawanyika kwa hiari na kukutana mahali palipopangwa: kwenye njia panda, kwenye daraja, kwenye kivuli cha mwembe. Mbele huenda mtu anayeijua njia. Mwisho huenda mzoefu mwenye pampu, viraka na subira, na hakuna anayebaki nyuma yake. Waliotangulia wakingoja, hawaondoki mara tu wa mwisho anapofika, kwa sababu hapo wao watakuwa wamepumzika naye hajapumzika. Wanampa muda wa kunywa maji kwanza. Kanuni hii ndogo ndiyo inayotofautisha kundi na watu waliotokea tu kuwa barabara moja.

Kushuka kunahitaji ustadi zaidi kuliko kupanda, ingawa jasho lake ni dogo. Mtu na baiskeli wenye kilo 90 wakishuka meta 800 za wima, breki zao zinapaswa kumeza nishati inayokaribia kilojuli 700, joto la kutosha kuchemsha lita mbili za maji. Joto hilo huingia kwenye rimu au kwenye sahani ya breki. Anayekandamiza breki mfululizo tangu juu hadi chini huchosha mpira wake, na rimu ikipata moto kupita kiasi tyubu huweza kupasuka. Mjuzi hukaza kwa nguvu kwa muda mfupi, akaachia, akakaza tena, na kwenye mteremko mrefu husimama ili chuma kipoe. Hupunguza mwendo kabla ya kona, wakati gurudumu bado limenyooka, kisha akaipita kona breki zikiwa zimeachiwa. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa uzito hukimbilia mbele mtu anaposimama; lakini juu ya kokoto hutumiwa kwa upole, maana gurudumu la mbele likiteleza hakuna la kulirudisha. Matako husogezwa nyuma, pedali huwekwa sawa, na nafasi kati ya mtu na mtu huongezwa mara kadhaa.

Barabara ya mlimani ni ya wengi, na heshima kwa wengine ni sehemu ya ustadi. Kwenye kona zisizoonyesha mbele hupita bodaboda na malori ya ndizi. Mwendeshaji hushika kushoto na kupiga kengele mapema. Akina mama wenye matenga kichwani hawapaswi kushtuliwa, kwa hiyo kundi hupunguza mwendo, likaamkia, na kungoja wapite. Mzee husalimiwa kwa shikamoo hata kama pumzi imekwisha. Wakati wa masika, udongo mwekundu hugeuka utelezi, hunasa kati ya tairi na fremu, na magurudumu hukatakata njia kuwa mifereji ambayo mvua ijayo huipanua. Siku kama hizo kundi lenye adabu huchagua barabara ya kifusi au huahirisha safari, likikumbuka kwamba njia hiyo ndiyo inayompeleka mkulima sokoni.

Mteremko wenyewe una historia inayofundisha ufundi huo huo wa kugawa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Upande wa mashariki, matuta yalifukua udongo usio na rutuba, mazao yakapungua, na mwaka 1955 watu wa Matombo waliinuka kuyapinga hadi mpango ukaachwa. Huko Mgeta, mahali ambapo mboga zililipa na maji ya kumwagilia yalikuwepo, matuta yalikubalika na yangali yakilimwa. Wakulima wa Mgeta na waendesha baiskeli wanakutana hapa kwa maarifa: mwinuko hugawika vizuri pale anayeugawa anapoufahamu.

Safari yoyote ya milimani hutegemea pia mtu asiyekuwamo kundini, fundi wa baiskeli. Chini ya mti au kibanda cha bati, huingiza tyubu kwenye beseni la maji, akaona mapovu yanatoka wapi, akaikwangua hapo kwa msasa, akapaka solosheni, akangoja ikauke kidogo ndipo abandike kiraka. Kungoja huko ndiko siri ya kiraka kudumu. Gurudumu lililopinda hulinyoosha kwa kukaza spoki za upande mmoja na kulegeza za upande wa pili, robo mzunguko kwa robo mzunguko, akitazama rimu inavyopita kwenye kidole. Baiskeli nyingi za mtindo wa zamani wa Kiingereza zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu mzigo hukaa nyuma kwenye keria. Fundi mzuri anajua ni zipi hukatika kwanza, naye huwa na za akiba. Kundi linalojitayarisha hujifunza kwake angalau mambo matatu: kuziba pancha, kuunga cheni na kurekebisha breki.

Walio mabingwa wa kweli wa ufundi huu Afrika Mashariki hawajaitwa wanamichezo. Ni wale wanaoshusha mikungu ya ndizi na magunia ya mboga kwa baiskeli za gia moja, na wale wa Goma wanaosafirisha viazi na mkaa kwa chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili. Mtu mwenye kilo 60 za mzigo juu ya zile 90 za mtu na baiskeli angehitaji wati zaidi ya 200 kupanda mwinuko ule wa asilimia 10 kwa kilometa tano kwa saa, na kwa hiyo husukuma. Anaposhuka, mguu wake mmoja huwa tayari kugusa ardhi. Mwezi Septemba 2025, Kigali ilipokuwa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mabingwa wa mabara yote walipanda vilima vya Rwanda kwa zaidi ya kilometa 260 katika mbio za wanaume, na wengi walijitoa kabla ya mwisho. Walichopambana nacho siku hiyo, wachukuzi wa nchi hizi wanakijua kila siku ya soko.

Kwa hiyo anayetaka kujifunza ana mahali pa kuanzia na mpangilio wa kufuata. Aanze kwa baiskeli yenye gia ndogo ya kutosha na breki zilizokaguliwa. Azoee mwinuko mfupi kabla ya mrefu, ajue kushuka kabla ya kutamani kasi, na ajifunze kuziba pancha kabla ya kwenda mbali na mji. Kisha atafute wenzake, maana sehemu kubwa ya ufundi huu haifundishiki mtu akiwa peke yake: kungoja, kupokezana, kubeba pampu ambayo huenda asiihitaji yeye. Akiyashika hayo, mlima utabaki na urefu wake, naye atakuwa na njia ya kuupanda.