Neno "Estel" na Tumaini Lisilo na Dalili

Katika hadithi ya J.R.R. Tolkien, iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1955, Estel ni neno la lugha ya Waelfu aliyoibuni yeye mwenyewe. Ndilo jina alilofichwa nalo mtoto Aragorn, na maana yake ni "tumaini", basi. Kina chake kilidhihirika mwaka 1993, Christopher mwanawe alipochapisha majadiliano ya Finrod, mfalme wa Waelfu, na Andreth, mwanamke wa wanadamu. Humo Finrod anatenga maneno mawili: amdir ni kutarajia mema kwa dalili zionekanazo, estel ni kuamini hata dalili zikitoweka.

Mhubiri na aitafakari tofauti hiyo, maana mara nyingi tunawapa wafiwa amdir tukiiita tumaini. Walakini naona upungufu. Finrod anaijenga estel juu ya uumbaji: sisi tu watoto wa Mmoja, naye hatakubali kunyang'anywa walio wake. Ibrahimu alikuwa na ahadi (Rum. 4:18-21). Anayeikaribia Injili zaidi ni Andreth, mwenye uchungu: anasimulia, pasipo kuishika mwenyewe, habari ya kale kwamba Mmoja ataingia ulimwenguni auponye.