Akiingia, Ameingia, Akishaingia: Nani Apige Kwanza Mlangoni?

Mlango wa Thimlich Ohinga ni mfupi. Mtu mzima hapiti akiwa wima, lazima ainame. Ngome hii ya mawe, yaliyopangwa bila udongo wa kuyashikanisha, iko kama kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Inakadiriwa ilijengwa karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ukiutazama mlango wenyewe unaelewa mara moja: anayeinama haoni mbele, na aliye ndani na mkuki ana nukta chache za kumwahi.

Nukta hizo chache ndizo zinazozua kelele kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji ana mhusika wake, dadu zinaamua bahati, na msimamizi anasimulia dunia nzima iliyobaki. Vita vikianza, watu hucheza kwa zamu. Mpaka hapo hakuna mgeni. Kwenye drafti ya vizibo pale steji ya bodaboda, Homa Bay au Rongo, zamu ni zamu; mwenzako akishika kizibo wewe unatulia. Ajua nayo ni hivyo hivyo: unangoja mkono wa mwenzako umalize kupanda kete zake.

Mchezo huu unavunja adabu hiyo kwa makusudi. Unakupa jibu moja la ghafla ndani ya zamu ya mtu mwingine. Adui akifanya jambo fulani, unaruhusiwa kumkatiza. Sasa swali: unamkatiza kabla, katikati, au baada?

Hebu tuuweke mlango wetu mezani. Mlinzi anasema, "Mtu akiingia, namchoma." Mvamizi anaingia. Mchezaji wa mlinzi anataka kumchoma akiwa bado ameinama. Mchezaji wa mvamizi anasema hapana bwana, nimeshaingia, nimesimama, na ngao iko mkononi. Mmoja wao anaweza kumpoteza mhusika aliyemlea miezi sita. Hapo ndipo utamu huisha, na mara nyingi anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Kitabu kinasemaje? Kanuni za mwaka 2014 zinasema jibu uliloliandaa mapema huja baada ya tukio kukamilika. Kwa hiyo kama tukio ni kuingia, mvamizi anaingia kwanza, ndipo achomwe. Kanuni ya jumla, kwamba jibu lolote huja baada ya kinacholiamsha isipokuwa maelezo yake yaseme vingine, iliwekwa kwenye kitabu cha msimamizi. Mchezaji wa kawaida alikuwa akihukumiwa kwa sheria ambayo haikuwa kwenye kitabu chake. Toleo la mwaka 2024 lilileta kanuni hiyo kwenye kitabu cha wachezaji, na hilo ni jambo la kusifiwa. Mwenye kuadhibiwa na sheria anastahili kuisoma.

Lakini ubishi haukuisha, kwa sababu mzizi wake ni lugha. Kiingereza kina neno moja dogo la "wakati" linalobeba kila kitu: kabla kidogo, papo hapo, baada kidogo. Mwandishi wa kanuni akilitumia bila kuongeza neno, kila msomaji anavuta upande wake.

Kiswahili hakikuruhusu uvivu huo. Kitenzi chenyewe kinakulazimisha uchague. *Akiinama* si *ameinama*. *Akiingia* kunaacha mlango wazi kidogo, *akishaingia* kunaufunga. *Kabla hajatoka* haina mjadala, na ndivyo ilivyo kanuni ya kumpiga anayekukimbia: pigo linatua kabla hajatoka pale mkono wako unapofika. Hata ule uganga wa ngao, ambao watu hugombana juu yake kila mara, unakaa sawa ukisemwa kwetu: *ameshapigwa, lakini hajaumia*. Dadu imesema pigo limefika, ila madhara hayajahesabiwa. Ngao inaweza bado kulibatilisha. Viambishi viwili, -mesha- na -ja-, vimefanya kazi ambayo Kiingereza kinaihitaji aya nzima.

Kwa hiyo mlinzi wetu hakudhulumiwa na kanuni. Alichagua kitenzi kibaya. Angesema, "Mtu akishainama mlangoni, namchoma," kanuni ile ile ya "baada" ingempa alichotaka: kuinama kumekamilika, kuingia bado. Anayeona sheria hii inampendelea mvamizi anasahau kwamba mlinzi ndiye anayelitaja tukio. Ana uhuru wote wa kulitaja dogo na mapema.

Pale ninapogombana na kitabu ni kwingine. Kinakupa jibu moja tu kwa kila mzunguko, na mzunguko ni sekunde 6. Mlinzi akimchoma wa kwanza, wa pili anapita bure mpaka zamu ya mlinzi irudi. Kwenye uwanja wazi hilo linaingia akilini, maana mtu mmoja hawezi kuzuia pande zote. Lakini mlango mwembamba umejengwa ili watu waje mmoja mmoja, na faida yake yote ni hiyo. Kanuni inaisahau. Msimamizi anayeweka vita vyake Thimlich anapaswa kuamua kabla ya dadu ya kwanza: mwili wa aliyeanguka unaziba njia au hauzibi? Aseme mapema, watu wote wasikie, si baada ya mhusika wa mtu kufa.

Na kama kuna atakayeandika kanuni hizi kwa Kiswahili, namwomba jambo moja. Asitafsiri lile neno dogo kwa "wakati" halafu aendelee na safari. Akae na kila kitenzi, aamue ni -ki-, -po-, -me- au -sha-, na aandike hivyo hivyo. Mtoto wa Ndhiwa atakayecheza na wa Awendo ataweza kukifungua kitabu na kumwonyesha mwenzake kiambishi kwa kidole, hata kama sauti yake ni ndogo.