Mikono Inayojua Kiasi

Stepla imeshabana ukuta wa mfuko wa chakula, lakini daktari hafyatui. Anasubiri. Sekunde kumi na tano, pengine zaidi, na timu nzima inasubiri naye, macho kwenye skrini. Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani mashine imegoma. Kumbe ukuta ule una maji ndani yake. Taya za stepla zinapoubana taratibu, maji husogea pembeni na ukuta hupungua unene, kisha pini ndogo za titani zikipita hujikunja sawasawa upande wa pili. Daktari akiwa na pupa, pini hazishiki inavyotakiwa. Mshono unaweza kutoa damu pale pale au, kwa ubaya zaidi, ukavuja siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameshaanza kunywa supu.

Upasuaji huu wa kupunguza mfuko wa chakula ndio unaofanywa zaidi duniani kwa watu wenye unene uliokithiri. Kati ya robo tatu na asilimia 80 ya mfuko hukatwa na kutolewa kupitia tundu dogo la tumboni, na kinachobaki ni mrija mwembamba uliosimama wima. Watu wengi huuliza kimekatwa kiasi gani. Aliyeshika vifaa anafikiria kilichobaki, na hapo ndipo ninapoiona kazi yenyewe.

Mtoa usingizi hupitisha mpira laini mdomoni hadi ndani ya mfuko, mara nyingi wenye upana wa karibu milimita 12, ili stepla ifuate ubavu wake. Kukata huanza sentimita nne hadi sita kabla ya lango la kuingilia utumbo mwembamba. Sehemu hiyo ya chini ina ukuta mnene, kwa hiyo huwekwa katriji yenye pini ndefu. Kadiri anavyopanda juu ukuta unakuwa mwembamba, na katriji hubadilishwa. Katikati kuna kona. Akiibana mno, mgonjwa atashindwa kumeza hata maji. Kule juu, karibu na umio, ndiko mishono huvuja zaidi, na daktari mzoefu huacha nafasi ndogo badala ya kutafuta unadhifu. Kuna hatari nyingine inayojificha: ukuta wa mbele ukivutwa zaidi ya wa nyuma, mrija hujipinda. Ukiupima upana hauna kasoro, lakini chakula hakipiti. Ndiyo maana kila mara kabla ya kufyatua, daktari huugeuza mfuko, huchungulia nyuma yake, huurudisha, kisha huulaza tena.

Ufundi huu haukuzaliwa ukiwa na adabu hiyo. Mwaka 1954, madaktari wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walieleza njia ya kuruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba. Uzito ulishuka kweli, lakini kwa miaka iliyofuata wagonjwa waliofanyiwa hivyo walipata kuhara kusikoisha, mawe kwenye figo, na wengine ini likashindwa kazi. Upasuaji ule ukaachwa. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alikuwa ameona jambo jingine: watu waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda vya tumbo walikonda na kubaki hivyo. Mwaka 1967, yeye na Chikashi Ito walichapisha maelezo ya baipasi ya mfuko wa chakula. Mason aliishi miaka 100, akafariki mwaka 2020. Sehemu kubwa ya maisha hayo aliitumia kupunguza: mfuko mdogo zaidi, njia rahisi zaidi, madhara machache zaidi. Alianzisha pia daftari la kitaifa la kufuatilia wagonjwa wa upasuaji huu, na kwangu hiyo ni sehemu ya ufundi sawa na kisu. Daktari asiyejua wagonjwa wake wako katika hali gani miaka kumi baadaye hajui bado kama alishona vizuri.

Baipasi inayofanywa leo ni kazi ya kupima. Juu huachwa kijimfuko cha takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani. Kisha utumbo mwembamba hukatwa na kuungwa upya kwa umbo la herufi Y, mtindo unaobeba jina la César Roux, mpasuaji wa Lausanne, Uswisi, wa mwishoni mwa karne ya 19. Chakula hushuka kwa mkono mmoja wa Y, nyongo na maji ya kongosho kwa mkono wa pili, vikakutana chini. Tangu Alan Wittgrove na Wesley Clark walipoanza kuifanya kwa matundu madogo huko San Diego, mwaka 1993, yote haya hufanyika kwa vyuma virefu vyembamba. Daktari huhesabu utumbo kipande kwa kipande, koleo moja likiachia na jingine likishika, mbele kidogo, mbele kidogo, hadi afikie mita moja au zaidi. Utumbo si kamba. Ukiuvuta hurefuka, ukiuachia hurudi. Lazima uvutwe kwa nguvu ile ile kila mara, la sivyo hesabu haina maana. Akishamaliza kuunga, hurudi kuziba nafasi zilizobaki kati ya mikunjo ya utumbo, ili miaka ijayo, mgonjwa akishakonda, utumbo usije ukapenya humo na kunyongeka. Mgonjwa hatajua kamwe kama nyuzi zile zipo.

Na matokeo yake yanazidi udogo wa mfuko. Kwa wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili, sukari huanza kushuka siku chache baada ya baipasi, kabla mwili haujapungua kwa kiasi cha kuonekana. Chakula kikifika mapema sehemu za chini za utumbo, homoni za kushiba hupanda. Sehemu ya juu ya mfuko, ile inayoondolewa katika upasuaji wa kwanza niliouelezea, ndiyo hutengeneza kwa wingi grelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa Japani mwaka 1999. Walioanza kazi hii walidhani wanapunguza chombo, kumbe walikuwa wakibadilisha mazungumzo kati ya tumbo na ubongo.

Sasa kuna mafundi wengine wanaoingia kwa mlango wa mbele. Mgonjwa hulazwa usingizi, kamera hupitishwa mdomoni, na mwishoni mwake hufungwa kifaa cha kushonea. Hakuna tundu tumboni, hakuna kinachokatwa wala kutolewa. Daktari hufanya kama fundi cherehani anayebana gauni pana kwa kutia marinda upande wa ndani. Skrubu ndogo yenye umbo la springi huzungushwa ndani ya ukuta wa mfuko na kuuvuta hadi kwenye sindano iliyopinda. Sindano hupita, hurudi, huchukua sehemu nyingine. Ukuta wa mbele, ubavu mpana, ukuta wa nyuma, kisha safari ya kurudi. Uzi hukazwa na kufungwa kwa kibanio kidogo, na mfuko hujikunja na kufupika mbele ya macho yako.

Hapa pia kiasi ndicho kila kitu. Mshono usipogusa unene wote wa ukuta, utaachia mapema. Ukipita mno, sindano inaweza kushika kilicho nje, hata mfuko wa nyongo, na daktari haoni upande huo. Sehemu ya juu ya mfuko kwa kawaida huachwa bila kushonwa, kwa kuwa ukuta wake ni mwembamba.

Njia nyingine ndiyo inayofahamika zaidi kwetu: puto. Huduma hiyo inatolewa Tanzania pia, katika hospitali ya Muhimbili Mloganzila. Puto la silikoni huingizwa likiwa limekunjwa, kisha hujazwa maji ya chumvi kati ya mililita 400 na 700, na lile linalotumika zaidi hukaa miezi sita. Maji hayo hutiwa rangi ya buluu, ili puto likipasuka mkojo ubadilike rangi na mgonjwa awahi hospitali. Nalipenda wazo hilo la rangi. Puto la zamani, lililoruhusiwa Marekani mwaka 1985, lilisababisha vidonda na kusinyaa lenyewe hadi likaondolewa sokoni. Walioketi kubuni la sasa walikuwa na kumbukumbu hiyo mezani.

Kwa mwenye unene uliokithiri, yaani BMI (kipimo cha uzito kwa urefu) ya 40 na kuendelea, ambayo kwa mtu wa urefu wa mita 1.65 ni kama kilo 109, sidhani njia hizi zinalingana. Puto hupunguza karibu asilimia 10 ya uzito, na likitolewa sehemu ya uzito huo hurudi kwa wengi. Kushona kwa kupitia mdomoni, katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 kwenye jarida la The Lancet, kulipunguza asilimia 13.6 kwa mwaka mmoja, na madhara makubwa yakawapata asilimia 2 tu. Lakini washiriki wale walikuwa na BMI kati ya 30 na 40. Kisu hupunguza robo hadi theluthi, na kina ushahidi wa miaka mingi. Nchini Sweden walifuatiliwa watu 2,010 waliopasuliwa na 2,037 ambao hawakupasuliwa. Taarifa ya mwaka 2007 ilionyesha vifo 101 kwa wa kwanza na 129 kwa wa pili. Gharama ipo: kiungulia kwa waliopunguzwa mfuko, vitamini B12, chuma na kalsiamu za kumeza maisha yote kwa wa baipasi. Mgonjwa aelezwe hayo kabla ya kutia sahihi, kwa lugha anayoielewa, na asiharakishwe.

Ila kuna wagonjwa wanaowahitaji mafundi wote wawili, wa kisu na wa kamera. Mtu wa kilo 200 ana ini zito lenye mafuta linalofunika mfuko wa chakula, na kulinyanyua kwa chuma ni hatari ya kulichana. Wengine hupewa wiki mbili za mlo mkali kabla ya upasuaji. Wengine, pale uzito unapotisha zaidi, huwekewa puto kwanza. Miezi inapita, ini linapungua, pumzi inakuwa nyepesi. Daktari wa kamera hutoboa puto, hufyonza maji yote na kulivuta nje kupitia mdomoni. Kisha mgonjwa hukabidhiwa kwa mpasuaji, ambaye sasa akiinua ini anaiona kona yote ya juu, karibu na bandama, na ana mahali pa kuweka stepla.