Upepo Unaotii Joto

Saa saba mchana, Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam, gari limebeba saruji na foleni haisogei: hapo ndipo injini inapopimwa. Lami inarudisha joto lote ililolipokea tangu asubuhi, na mshale wa temperecha unaanza kupanda. Dereva wa Canter anazima redio ili aisikilize injini. Nyuma ya kiti ameweka dumu la maji, maana anajua gari lake linachemsha likisimama na linapoa likitembea.

Sababu yake iko wazi. Feni ya mkanda huzungushwa na injini yenyewe. Injini ikienda kasi, feni nayo huenda kasi. Injini ikiunguruma polepole, feni nayo hulegea. Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa kuelekea Chalinze, upepo wa njiani karibu unatosha kuipoza rejeta, na feni inakula nguvu bure. Kwenye foleni ya Mtoni kwa Azizi Ali, upepo wa njiani haupo na feni ndiyo tegemeo pekee, lakini ndipo inapozunguka taratibu kuliko wakati wote. Watengenezaji waliitafutia kasoro hiyo dawa: klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, inayoiachia feni iteleze hewa inayopita kwenye rejeta ikiwa ya baridi, na kuikamata pindi hewa hiyo inapopata joto. Ni kifaa kilichofikiriwa vizuri. Ila mafuta yale huvuja na kuzeeka, na malori mengi madogo hushushwa bandarini yakiwa yameshatumika miaka mingi Japani. Klachi ikichoka, feni inateleza tu.

Hapo ndipo anapohitajika fundi umeme wa magari, na kazi yake ndiyo ninayotaka kuisifu. Kuing'oa feni ya mkanda na kufunga ya umeme ni kuuhamisha utii: upepo unaacha kufuata mwendo wa injini, unaanza kufuata joto lake. Nawaza jambo hilo kila nipitapo gereji za Tandika na Tegeta, chini ya miembe na mabati, na kila mara naona limebeba elimu kubwa kuliko tunavyoitambua.

Fundi anayejua kazi haanzi na feni. Anauliza kwanza: linachemsha likiwa limesimama, au hata likitembea? Injini ikishapoa anafungua kifuniko cha rejeta na kutazama maji. Watu wengi wa Temeke hutegemea visima, na visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi. Maji hayo yakitiwa kwenye rejeta, chumvi yake huganda kwenye mirija. Feni haitibu rejeta iliyoziba wala thamostati iliyokwama. Anayekufungia feni bila kuangalia hayo amekula hela yako bure.

Kisha kuna suala la umeme. Canter nyingi za Japani hutumia volti 24, betri mbili zikiwa zimefungwa mfululizo, ilhali feni nyingi za mtumba zimetoka kwenye magari madogo ya volti 12. Ukizifunga mbili kwa mfululizo, kila moja inapata volti 12 zake na zote zinazunguka. Mteja anafurahi. Lakini moja ikikwama, nyingine inabebeshwa karibu volti zote 24 na kuungua. Kwa hiyo fundi makini huzunguka kwenye maduka ya spea akitafuta feni za volti 24 zilizotoka kwenye kiyoyozi cha basi, hata kama siku nzima itapotea.

Mkanda wenyewe anauacha, kwa kuwa bado unazungusha pampu ya maji na altaneta. Anachotoa ni feni na klachi yake. Feni mpya anaishikiza kwa vyuma kwenye fremu, asiruhusu uzito uning'inie kwenye mapezi laini ya rejeta. Anaiwasha, halafu anachukua kipande cha gazeti na kukisogeza mbele ya rejeta. Kikivutwa na kuganda, feni inanyonya inavyotakiwa. Kikipeperuka, nyaya zimegeuzwa, na upepo unasukumwa kupingana na ule wa njiani.

Feni mbili za wati 240 kila moja hula ampea 20 kwenye volti 24. Waya mwembamba wa redio ungeyeyuka. Anachagua waya mnene, anaweka fyuzi karibu kabisa na betri, na kupitisha moto kwenye rilei: mguu wa 30 unapokea, wa 87 unapeleka kwenye feni, ya 85 na 86 inaleta amri kutoka kwenye swichi ya joto. Swichi nayo ina hesabu yake. Kama thamostati hufunguka kwenye nyuzi 82, feni ikipangwa kuwaka kwenye 80 haitapumzika kamwe. Ikipangwa kuwaka kwenye 95 na kuzima chini ya 90, inafanya kazi pale tu inapohitajika.

Elimu hii hudhihirika zaidi fundi anapokataa kazi. Linaingia tipa la mchanga la tairi kumi, mwenyewe anataka feni za umeme kama za jirani.

"Mzee wangu, hili usiling'oe feni yake. Injini ya ukubwa huu inataka upepo mwingi kuliko hivi vimota vitakavyoweza."

"Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Tubadilishe klachi, na rejeta ikazibuliwe."

Ameacha pesa mezani ili injini ya mtu isife barabarani.

Elimu ya namna hii inaweza kutambuliwa rasmi: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na yenye chuo Chang'ombe hapo hapo Temeke, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Cheti hicho ni haki yao, na waajiri wakiheshimu. Sisi wateja tuna wajibu wetu. Tukianza kubishana bei, tunahesabu feni tu, kwa kuwa ndiyo tunayoiona. Fyuzi iliyokaa mahali pake na waya wa unene sahihi havionekani, wala hakuna atakayevikagua. Navyo ndivyo vinavyozuia lori lisiwake moto katikati ya foleni, na daladala imesimama nyuma yake. Fundi anayeifanya sehemu hiyo kwa uaminifu alipwe bei aliyotaja, bila kuombwa punguzo.